Kiapo cha Bendera cha Marekani na Haki ya Kukataa

Katika majimbo mengi ya Marekani, nchi inayojitapa kuwa mlinzi wa uhuru duniani, watoto wa shule husimama kila asubuhi, huweka mkono wa kulia juu ya moyo, huikabili bendera na kutamka kiapo cha utii. Kwa lugha yao kiapo hicho ni maneno 31 tu. Mtoto huahidi utii kwa bendera na kwa jamhuri ambayo bendera hiyo ni alama yake. Hulitaja taifa kuwa ni moja, liko chini ya Mungu, haligawanyiki, na lina uhuru na haki kwa wote.

Maneno hayo machache yamewafikisha raia mahakamani mara nyingi. Wako waliokataa kuyatamka kwa sababu ya imani yao kwa Mungu, na wako waliokataa kwa sababu hawamwamini Mungu. Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Kila taifa lina bendera, wimbo na ahadi zake. Na kila taifa, hasa taifa changa, hukabiliwa na swali hili hili: afanywe nini raia ambaye hakuiba, hakuua, hakuhujumu uchumi, bali amekataa kutamka maneno?

Shabaha ya makala haya ni kukihakiki kiapo hicho kama tunavyohakiki andiko lolote la kisiasa. Tutauliza kilitungwa na nani, wakati gani, kwa faida ya nani, na dini iliingizwaje ndani yake. Kisha tutatazama fundisho lililopo kwetu sisi Waafrika.

KILITUNGWA NA NANI?

Kiapo hiki hakikuandikwa na waasisi wa taifa la Marekani. Katiba yao ya mwaka 1787 haina kiapo cha watoto. Kiapo cha Rais kilichomo katika Katiba hiyo hakimtaji Mungu, na kinamruhusu mtu athibitishe badala ya kuapa, kwa sababu walikuwako Wakristo, kama vile madhehebu ya Quaker, ambao dini yao inawakataza kuapa kabisa. Kifungu cha sita kinakataza mtu kudaiwa sharti la dini ili apewe madaraka. Kwa hiyo, katika msingi wake wa kisheria, dola ile ilijitenga na madhabahu.

Kiapo kilizaliwa zaidi ya miaka 100 baadaye, tarehe 8 Septemba 1892, ndani ya gazeti la The Youth's Companion la mjini Boston. Gazeti hilo lilikuwa likiuza bendera kwa mashule, na lilikuwa linaandaa sherehe ya miaka 400 tangu Columbus afike Amerika. Sherehe ilihitaji maneno ya kutamkwa mbele ya bendera, na kazi ya kuyatunga alipewa Francis Bellamy. Hivyo katika chimbuko lake uzalendo na biashara vilikaa meza moja.

Lakini yafaa tumtendee haki mtunzi. Bellamy alikuwa mchungaji wa Kibaptisti na msoshalisti wa Kikristo. Alilazimika kuacha mimbari yake mjini Boston mwaka 1891, kwa sababu matajiri waliokuwa wakilichangia kanisa lake walichoshwa na mahubiri yake juu ya haki za wafanyakazi. Mchungaji huyu alipotunga kiapo hakumtia Mungu ndani yake. Alisimulia baadaye kwamba aliifikiria kauli ya Mapinduzi ya Ufaransa, yaani uhuru, usawa na udugu, akaona kuwa haitekelezeki. Akabakiza uhuru na haki. Usawa ukaachwa nje.

Usawa uliachwa nje kwa sababu hali ya nchi haikuuruhusu. Mwezi Juni 1892 Homer Plessy alikamatwa mjini New Orleans kwa kuketi katika behewa la wazungu. Na mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha ubaguzi ule. Mwezi Julai 1892 wafanyakazi wa chuma wa Homestead, Pennsylvania, walipambana kwa risasi na walinzi wa kukodi wa kampuni ya Carnegie. Mwezi Desemba 1890, miaka miwili tu kabla ya kiapo, wenyeji Wahindi Wekundu, wakiwamo wanawake na watoto, waliuawa na majeshi ya serikali huko Wounded Knee. Taifa lililotajwa kuwa haligawanyiki lilikuwa limegawanyika kwa rangi na kwa matabaka. Na haki iliyotajwa kuwa ni ya wote haikuwa ya wote.

Hapa ndipo tunapoiona kazi ya kwanza ya kiapo. Mtoto wa mhamiaji maskini, ambaye baba yake analipwa ujira mdogo kiwandani, anafundishwa kutamka kwamba haki kwa wote tayari ipo. Hafundishwi kuitafuta. Ahadi ya siku zijazo imeandikwa kama habari ya jambo lililokwisha kutimia. Mwaka 1923 wakubwa walibadili hata maneno ya mwanzo. Mtoto alikuwa akisema "bendera yangu", wakahofia kwamba mtoto wa mgeni angeweza kuwa na bendera ya kwao moyoni. Ikatajwa bendera ya Marekani kwa jina. Tayari kiapo kilikuwa chombo cha kumshuku mtu.

WATOTO WA MJI WA MAKAA YA MAWE

Mwaka 1935, katika mji mdogo wa wachimba makaa wa Minersville, Pennsylvania, watoto wawili wa familia moja, wa miaka 12 na 10, walikataa kuisalimu bendera. Walikuwa Mashahidi wa Yehova. Kwa imani yao, kuisalimu bendera kwa kiapo ni sawa na kuinamia sanamu. Hawakuitukana bendera, wala hawakuichana. Wakafukuzwa shule.

Wakati ule salamu yenyewe haikuwa ya mkono juu ya moyo. Mtoto alinyoosha mkono mbele kuielekea bendera, kwa namna iliyofanana sana na salamu ya Wanazi. Na Ujerumani ya Hitler ilikuwa imewapiga marufuku Mashahidi wa Yehova tangu mwaka 1933, ikawatia wengi kambini kwa kukataa kumsalimu kiongozi wake. Hivyo watu wa dini moja waliadhibiwa Berlin na Pennsylvania kwa kukataa kunyoosha mkono. Wamarekani waliitambua aibu hiyo kwa kuchelewa, na kubadili salamu mwezi Desemba 1942, baada ya mwaka mzima wa kupigana na Hitler.

Kesi ya Minersville ilifika Mahakama Kuu, ikaamuliwa tarehe 3 Juni 1940. Majaji 8 kwa 1 walisema shule ina haki ya kulazimisha. Hoja yao, iliyoandikwa na Jaji Felix Frankfurter, ilikuwa kwamba umoja wa taifa ndio msingi wa usalama wake, na kwamba si kazi ya mahakama kuwaamulia walimu njia ya kuujenga umoja huo. Jaji Harlan Stone alipinga peke yake.

Matokeo yalionekana katika siku chache. Huko Kennebunk, katika jimbo la Maine, ukumbi wa ibada wa Mashahidi ulichomwa moto. Huko Richwood, West Virginia, ofisa wa polisi na wenzake waliwanywesha Mashahidi mafuta ya mbarika kwa nguvu, wakawafunga kamba na kuwaswaga mjini. Serikali ilipotangaza kuwa asiyetamka maneno ni mtu wa kushukiwa, wahuni walijiona kuwa ndio watekelezaji wa sheria. Hili halina budi kuzingatiwa na kila mtu anayedhani kwamba kulazimisha kiapo ni jambo dogo la nidhamu ya shule.

Mwezi Januari 1942 Bodi ya Elimu ya West Virginia ililazimisha salamu katika shule zote. Mtoto aliyekataa alifukuzwa. Akishafukuzwa, alihesabiwa kuwa mtoro. Na kwa utoro huo mzazi aliweza kutozwa faini ya dola 50 na kufungwa siku 30. Safari hii Mahakama Kuu iligeuka. Tarehe 14 Juni 1943, siku ambayo Marekani huadhimisha bendera yake, majaji 6 kwa 3 walibatilisha sheria hiyo. Jaji Robert Jackson, ambaye baadaye alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Marekani dhidi ya viongozi wa Kinazi huko Nuremberg, aliandika kwamba hakuna ofisa, awe mkubwa au mdogo, mwenye mamlaka ya kumwamulia raia lipi ni sahihi katika siasa, uzalendo au dini, wala ya kumlazimisha alikiri kwa ulimi.

Jambo moja katika hukumu hiyo ni la msingi kwa nadharia. Mahakama haikusema kwamba Mashahidi wasamehewe kwa kuwa ni watu wa dini. Ilisema kwamba hakuna mtu wa kulazimishwa, mwenye dini na asiye na dini. Msamaha wa dini ungewagawa raia mafungu mawili: wenye ruhusa ya kuwa na dhamiri na wasiokuwa nayo, na ungeipa dola kazi ya kupima imani ipi ni ya kweli na ipi ni ya kusingizia. Dola isiyo na dini haina mizani ya kupimia jambo hilo.

MUNGU AINGIZWA VITANI

Mpaka hapo tatizo lilikuwa kwamba kiapo ni cha kidunia mno kwa mtu wa dini. Miaka 11 baadaye likageuzwa kichwa chini.

Tarehe 7 Februari 1954 mchungaji George Docherty alihubiri katika kanisa moja la Kipresbiteri mjini Washington, na Rais Eisenhower akiwa miongoni mwa waumini. Alisema kwamba kiapo kile kingeweza kutamkwa hata na watoto wa Moscow mbele ya bendera yao ya nyundo na mundu. Kwa maoni yake, tofauti ya Marekani ni Mungu. Akafika hata kudai kwamba Mmarekani asiyemwamini Mungu ni kitu kinachojipinga chenyewe. Chama cha Wakatoliki cha Knights of Columbus kilikuwa kikiidai nyongeza hiyo tangu mwaka 1951. Bunge likakubali upesi. Tarehe 14 Juni 1954, siku ya bendera tena, Eisenhower alitia saini, na maneno "chini ya Mungu" yakaingia katika kiapo. Mwaka 1956 ikafuata kaulimbiu ya taifa, inayosema kwamba wanamtumaini Mungu, nayo imeandikwa juu ya fedha zao.

Mchungaji Docherty aliona kweli moja, ila akaiponya kwa dawa isiyofaa. Ni kweli kwamba kiapo kile kingeweza kutamkwa popote duniani. Maneno matupu ya utii hayatofautishi utawala mmoja na mwingine. Mtu mwenye kuwaza angesema: basi tuitofautishe nchi yetu kwa matendo, kwa kumpa mtu mweusi kura na mfanyakazi ujira wa haki. Tabaka tawala liliona njia rahisi zaidi, nayo ni kuongeza maneno mengine.

Tuutazame pia wakati. Mwaka huo huo Seneta McCarthy alikuwa akiwasaka watu kwa tuhuma za ukomunisti. Tarehe 27 Juni 1954, siku 13 tu baada ya Mungu kuingizwa katika kiapo, Rais Jacobo Árbenz wa Guatemala alilazimishwa kujiuzulu kwa njama zilizosukwa na shirika la kijasusi la Marekani. Kosa lake lilikuwa kuwagawia wakulima maskini ardhi, ikiwamo ile iliyolala bila kulimwa mikononi mwa kampuni ya ndizi ya United Fruit. Nyumbani Mungu alitajwa katika kiapo. Nje, mali ya kampuni ililindwa kwa bunduki. Hatusemi kwamba kila muumini wa Marekani alishiriki. Tunasema kwamba dola ilimwandikisha Mungu jeshini bila ya kuwauliza waumini wake.

IMANI ISIYOKUWA IMANI

Tangu hapo wakataaji ni wa namna mbili. Wa kwanza hukataa kwa sababu bendera imepandishwa juu mno karibu na Mungu. Wa pili hukataa kwa sababu Mungu ameteremshwa kuja kuitumikia bendera. Mwaka 2002 baba mmoja wa California, asiyemwamini Mungu, alishinda katika mahakama ya rufani ya San Francisco: majaji walisema nyongeza ya mwaka 1954 inavunja Katiba. Wabunge walitoka nje, wakasimama kwenye ngazi za Bunge na kukitamka kiapo kwa sauti. Tarehe 14 Juni 2004 Mahakama Kuu ilimnyima baba huyo ushindi. Haikujibu swali, ilisema tu kwamba, kwa kuwa alikuwa na mgogoro na mama wa mtoto juu ya malezi, hakuwa na haki ya kulifungua shauri kwa niaba ya mtoto.

Katika shauri hilo Jaji Sandra Day O'Connor aliyatetea maneno hayo kwa hoja inayostahili kuhakikiwa. Alisema ni maneno ya sherehe tu. Yamezoeleka, yana historia, hayamuombi mtu asali. Kwa maneno mengine, yanaruhusiwa kwa sababu hayana maana ya dini. Hapa mgongano umekuwa wazi. Mwaka 1954 yaliingizwa kwa hoja kwamba ndiyo roho ya taifa. Mwaka 2004 yalitetewa kwa hoja kwamba ni pambo. Muumini wa kweli ndiye wa kwanza kudhulumiwa na utetezi huu, maana jina ambalo yeye hulitaja kwa hofu na unyenyekevu limefanywa desturi ya kufungulia kipindi cha hesabu. Asiyeamini naye analazimishwa kuchagua, akiwa na miaka 7 au 8, kati ya kusema uongo na kukaa kimya peke yake mbele ya wenzake.

SISI WAAFRIKA JE?

Ni rahisi kuwakosoa mabeberu na kujisahau. Wimbo unaopendwa kuliko zote kusini mwa Ikweta, ulioanzishwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, ni sala. Tanzania, nchi ambayo Katiba yake inasema kuwa haina dini, inaanza wimbo wake wa taifa kwa kumwomba Mungu. Umekuwa wimbo wa ukombozi, na Waislamu na Wakristo wameuimba bega kwa bega. Hilo ni jema. Lakini wema wa wimbo hauhalalishi kumpiga mtoto asiyeuimba.

Nchini Zambia, mwaka 1967, Mahakama Kuu iliamua dhidi ya msichana wa shule aliyesimamishwa masomo kwa kutoimba wimbo wa taifa. Nchini Malawi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku mwaka 1967 kwa kukataa kununua kadi ya chama cha Malawi Congress Party. Baada ya mkutano mkuu wa chama hicho wa mwaka 1972, walifukuzwa kazini, walipigwa, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Marufuku iliondolewa mwaka 1993 tu. Dakta Banda, aliyeyatenda hayo, alikuwa mzee wa Kanisa la Scotland. Na dola yake ilikuwa rafiki wa Makaburu. Huko kila mtu alikuwa na kadi, na mnyonge alibaki mnyonge. Kadi inayonunuliwa kwa woga haijengi chama. Inaficha tu idadi ya maadui zake.

Tanzania nayo ilipata mtihani wake. Mwaka 2007 wanafunzi wa sekondari zaidi ya 120, Mashahidi wa Yehova, waliadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa. Wengine walifukuzwa, wengine walisimamishwa. Mahakama Kuu iliwakatalia. Tarehe 12 Julai 2013 Mahakama ya Rufani ilikubali rufani yao. Wanafunzi wale walikuwa wakisimama kwa heshima wakati wenzao wanaimba. Hapakuwa na fujo, wala dharau.

HOJA ZA WANAOLAZIMISHA

Wako ndugu wenye nia njema wanaosema: taifa changa lina makabila na dini nyingi, tukimruhusu mmoja akatae, kesho watakataa 1000. Tujibu hoja hii kwa utulivu.

Kwanza, tutofautishe ahadi ya mwanachama na hali ya raia. Mtu aliyeomba uanachama wa TANU alizikuta ahadi za mwana-TANU, akazisoma, akazikubali kwa hiari akiwa mtu mzima. Asiyezitaka hakulazimika kujiunga. Raia hakuomba kuzaliwa. Uraia wake hautokani na maneno aliyotamka, na kwa hiyo hauwezi kupunguzwa na maneno aliyokataa kutamka. Kosa la Malawi lilikuwa hasa kuvichanganya vitu hivi viwili.

Pili, tutofautishe kukataa kutamka na kukataa kutenda. Mtu asiyelipa kodi, anayewanyonya wenzake, anayewachochea watu wa dini moja dhidi ya wengine, huyo amevunja wajibu, na dini haiwezi kuwa kichaka cha kujifichia. Anayenyamaza wakati wa wimbo kisha akaenda kulima shamba la shule pamoja na wenzake hakuvunja chochote. Na tujiulize ni wangapi walioimba kwa sauti ya juu asubuhi, na mchana wakaitafuna mali ya umma. Ulimi hauna mfupa; hupinda upande wowote. Wahujumu huapa upesi kuliko watu wote.

Tatu, Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba ujamaa ni wa dunia hii, unahusu maisha ya watu katika jamii, na haumuulizi mtu kama anamwamini Mungu au namna anavyomwabudu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliuweka msingi wa imani ya TANU juu ya usawa wa binadamu, neno lile lile ambalo Bellamy alishindwa kuliandika. Nao Mwongozo wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye ubabe na dharau kwa watu. Mwalimu mkuu anayemfukuza mtoto aliyesimama kimya ametoa amri kwa kuwa ameshindwa kuelimisha. Usawa hauwezi kufundishwa kwa kumtoa mmoja nje ya darasa.

HITIMISHO

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kiapo cha Marekani kilianza kwa kutangaza haki ambayo haikuwapo, kikatumiwa kumpima mgeni na mtu wa dini ndogo, na mwishowe kikamchukua Mungu kuwa silaha dhidi ya nchi nyingine na dhidi ya raia wake wenyewe. Kila hatua ilifanywa kwa jina la umoja, na kila mara umoja huo ulihitaji mtu wa kufukuzwa.

Umoja wa kweli una chanzo kingine. Hujengwa na ardhi isiyohodhiwa, shule isiyobagua, zahanati inayomtibu maskini, na kiongozi asiyejilimbikizia mali. Vikiwapo hivyo, watu wataimba bila ya kushikiwa fimbo, na mmoja asiyeimba hatalipunguzia taifa kitu. Visipokuwapo, viapo vyote vya dunia ni ukasuku mtupu.

Kazi ya makada basi ni mbili. Kwanza ni kueleza maana ya bendera na wimbo, kwa subira, hata kwa yule asiyekubali. Pili ni kuhakikisha kwamba mtoto aliyenyamaza asubuhi bado ana dawati lake mchana. Hilo la pili ndilo litakalomwonyesha kama maneno tunayomtaka aimbe ni ya kweli.